Kumsubiri Mpanda Farasi

Binti yangu aliponiambia kwa simu kwamba amepanda farasi, nilidhani mtandao umekata maneno. Nilikuwa shambani kwetu Nambis napalilia maharage, simu nimeibana begani, upepo unavuma. Nikamwambia, "Rudia. Umepanda nini?"

Akarudia taratibu, kama anavyosema na bibi yake. "Farasi, mama. Farasi kabisa."

Alikuwa Gehandu kwa dada yangu mkubwa. Dada alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho, akahitaji mtu wa kumpikia na kumchotea maji, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa tukampeleka binti. Sikumpeleka akapande mnyama.

Jirani na shamba la dada anaishi mama mmoja, daktari wa mifugo aliyestaafu. Alifanya kazi miaka mingi huko Arusha kwenye mashamba yenye farasi wa watalii, na aliporudi kwao alirudi na farasi wachache ambao wamiliki wao walikuwa hawawahitaji tena. Watu walimcheka mwanzoni. Ng'ombe anakamwa, punda anabeba maji, farasi wa nini? Hakubishana na mtu. Alijenga banda, akazungushia uzio, kisha akatangaza kanisani na shuleni kwamba kijana yeyote anayetaka kujifunza aje, halipi chochote, mradi awahi na akubali kuzoa mavi kabla ya kupanda.

Baadaye akaanzisha nishani. Ya kwanza alipewa kijana aliyejua kumtunza farasi: kumlisha, kumsafisha kwato, kumfunga tandiko, kutambua kama anaumwa. Ya pili ilikuwa ya kumpanda, kwa mwendo wa kutembea na ule wa mbio ndogo, na kumfundisha mwenzako anayeanza. Ya tatu ndiyo ilikuwa kubwa. Vijana walitoka wawili wawili, kila mmoja na farasi wake, wakazunguka tambarare kutwa nzima kwa njia waliyopangiwa, peke yao, na walitakiwa kurejea kabla ya saa kumi jioni. Daktari hakuwapima mwenyewe. Alimwita mwamuzi kutoka nje, mzee mmoja aliyewahi kufanya naye kazi.

Haya yote binti alinieleza siku ile ile, na mimi nimesimama kati ya mistari ya maharage, jembe limelala. Habari ya nishani haikuniingia. Nilikuwa namwona mdogo wangu, siku alipoburutwa na punda tulipokuwa wadogo, kamba imemzunguka mkono, kichwa kinagonga mawe. Alipona, lakini mguu haukurudi kama ulivyokuwa. Na punda ni mfupi. Farasi nilikuwa nimemwona kwenye televisheni tu, na hata huko niliona ni mrefu mno.

Nilimpigia dada. Nikamwambia amkataze mtoto.

"Nimkataze vipi?" dada akasema. "Jicho moja limefungwa bandeji, la pili linatoa machozi. Anaamka alfajiri, anapika uji, anachota maji, anafagia, halafu anaomba ruhusa. Umewahi kumwona mtoto huyu anaomba kitu?"

Hapo alinishika. Binti yangu alikuwa mtoto wa kukaa pembeni. Walimu waliniambia anajua majibu ila hanyooshi mkono. Wageni wakija alisalimia shikamoo kwa sauti ya chini na kupotelea jikoni. Sasa kwenye simu alikuwa anaongea hadi salio likaisha: farasi amekula nini, farasi amekohoa, farasi ameweka kichwa begani pake. Mume wangu alikuwa akimsikiliza na kutabasamu. "Mwache," aliniambia. Nikamwacha, lakini moyo wangu haukumwacha. Nikipepeta mahindi namwona anaanguka. Nikiimba kwaya namwona anaanguka, nakosa mstari, mwenzangu ananigusa kiwiko.

Alirudi nyumbani na nishani ya kwanza, kipande cha chuma chenye umbo la kwato, amekibandika kwenye sweta la shule. Likizo iliyofuata akapata ya pili. Akina mama kanisani waliigusa wakauliza maswali, na binti aliwajibu wote akiwa amesimama wima, akiwatazama usoni. Nilisimama nyuma yake nikiwa na fahari na hofu kwa pamoja, sikujua nishike ipi.

Safari ya nishani ya tatu iliwekwa mwishoni mwa masika. Niliamua kwenda mwenyewe. Nilimwambia mume wangu nakwenda kumjulia hali dada, naye hakunibishia ingawa alijua.

Huko Gehandu nikamwona huyo farasi kwa mara ya kwanza. Alikuwa jike, rangi ya kahawia iliyoiva, mguu mmoja wa mbele mweupe. Mgongo wake ulikuwa juu ya kichwa changu. Binti alimsogelea, akamtia vidole pembeni mwa mdomo, mdomo ukafunguka, akaingiza kile chuma cha hatamu. Niliyaona meno. Nikageuka nikajifanya natazama mlima.

Mwenzake wa safari alikuwa msichana wa rika lake, mtoto wa wafugaji wa huko tambarare. Sisi watu wa milimani na wao tumeishi jirani tangu zamani, tunauziana, wakati mwingine tunagombana kwa ajili ya malisho na mashamba, lakini kukaa pamoja kusubiri jambo moja hatujazoea. Baba wa msichana naye alikuwa amekuja. Mzee mrefu, shuka begani, fimbo mkononi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za mazao, nikamuuliza habari za mifugo. Kisha kila mmoja akageukia binti yake.

Daktari aliwakagua mabinti, akakaza mikanda ya matandiko, akawavalisha kofia ngumu. Akawakumbusha kwamba simu ni ya hatari tu, na atakayepiga kuomba msaada safari yake itaishia hapo. Mwamuzi akatazama saa yake na kutikisa kichwa kuwaruhusu. Wakaondoka. Binti yangu hakugeuka nyuma. Nilimtazama mpaka kofia yake ikawa nukta, na hata nukta ilipopotea niliendelea kutazama palepale.

Asubuhi ilipita vizuri. Daktari alitupa chai na viazi, dada akaja akakaa nasi kidogo. Mchana mawingu yakaanza kuushika Mlima Hanang. Yalianzia kileleni, yakashuka, yakawa meusi upande ule wa mbali. Pale tulipokuwa jua liliwaka kama kawaida, na daktari akasema mvua ile haitatufikia.

"Haitatufikia sisi," yule mzee wa shuka akasema. Ndilo neno lake la kwanza tangu zile salamu za asubuhi. "Itashuka korongoni."

Nikamuuliza, "Korongo lipi?"

Akanyoosha fimbo kule walikopita mabinti.

Tangu hapo sikukaa. Niliosha vikombe, vikakauka, nikaviosha tena. Nilimpigia binti, sauti ikanijibu kwamba simu ninayopiga haipatikani. Nilijua tambarare ile haina mtandao mzuri, daktari alikuwa amesema hivyo mapema, lakini kujua hakukunisaidia. Nilipiga tena na tena kama mtu anayebisha mlango wa nyumba isiyo na watu.

Saa kumi ikafika. Mwamuzi akatazama saa. Nikamwendea daktari.

"Daktari, twende tukawatafute."

"Tuwape muda kidogo," akasema. "Wamefundishwa la kufanya wakikuta maji. Kisha nitachukua gari, nizungukie barabarani." Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini aliutazama mlima tena, na mimi nilimwona.

Yule mzee alisimama bila kuaga mtu, akaanza kutembea kuelekea korongoni. Nikamfuata. Alitembea kwa hatua ndefu, mimi nikawa nusu natembea nusu nakimbia.

"Mzee," nikamwambia, "huyu wako ni wa ngapi?"

"Wa mwisho."

"Wangu ni wa kwanza."

Akapunguza mwendo. Tukaendelea hivyo, bega kwa bega, nyasi zikitupiga miguuni. Akaniambia kwamba ndugu zake wa kiume hawakutaka mtoto wa kike apande farasi, kwamba yeye ndiye aliyesema apande, na kwamba leo likitokea la kutokea atarudi kwao na uso gani. Hakuwa akiniuliza. Nikamwambia mimi sikuwahi kutaka, na nilikubali kwa kuwa sikuweza kukataa.

Sauti ya maji tuliisikia kabla hatujafika. Korongo ambalo asubuhi lilikuwa mchanga mkavu lilikuwa limejaa maji mekundu, matawi yanapita, povu linazunguka. Upande wetu kulikuwa na alama za kwato zikishuka kuingia korongoni, zile za asubuhi. Za kutoka hazikuwapo. Ng'ambo hapakuwa na mtu. Nilipaza sauti nikamwita binti yangu kwa jina lake, na maji yakaimeza sauti.

"Wameingia?" nikamuuliza mzee. "Wewe unajua wanyama. Wanaweza kuwa wameingia?"

Alichoma fimbo majini. "Sijui, mama," akasema.

Nilikuwa nimetaka anidanganye. Nilikaa chini kwenye matope. Mzee alishuka pembeni mwa maji akawa anatazama vichakani, kila palipokwama matawi, na mimi nilielewa anatafuta nini, nikafumba macho nisione atakapokiona.

Simu yangu ililia. Ilikuwa namba ya daktari, na nilishindwa kuipokea. Mzee alipanda, akaichukua, akaniwekea sikioni.

"Wako barabarani," daktari alikuwa akisema. "Wamezunguka kwenye daraja. Wanatembea kwa miguu. Wazima wote wawili."

Mzee naye alikuwa amesikia. Akageuka upande, akavuta shuka lake akajifuta uso, nami nikatazama pengine mpaka alipomaliza.

Tulikatisha hadi barabarani tukawakuta. Walikuwa wanatembea mbele ya farasi wao, wamewashika hatamu, wamelowa hadi kiunoni kwa maji ya nyasi na matope. Farasi wa yule msichana alikuwa anachechemea. Jiwe lilikuwa limemwingia katikati ya kwato. Walilitoa, lakini waliona vibaya kumpanda, na binti yangu akaona vibaya kupanda peke yake. Walipofika korongoni wakakuta maji, hawakubishana nayo, wakageuka wakashika njia ndefu ya daraja. Hawakupiga simu kwa sababu hawakuona kwamba wamo hatarini.

Binti alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Mama," akasema, "mbona umeingia kwenye matope na viatu vya kanisani?"

Nilitaka kumkumbatia nikaogopa yule farasi. Nilimshika sikio tu, kama alipokuwa mdogo, nikaliachia.

Tulipofika kwa daktari, mwamuzi aliwahoji mabinti mmoja mmoja, akamkagua farasi mwenye jeraha, akainua kila kwato. Kisha akasema wametenda vizuri, wamemtunza mnyama, wamejitunza wao, lakini njia hawakuimaliza na muda umepita. Nishani ya safari haiwezi kutolewa. Warudie kiangazi.

Binti yangu akasema, "Sawa, mzee. Asante." Mwenzake akasema vivyo hivyo.

Mimi ndiye niliyegomba. Mimi ambaye siku zote niliomba jambo hili liishe, nilisimama mbele ya mtu mzima mwenye mvi nikamwambia hana haki. Nikamwambia hawa wamefanya kila walichofundishwa, na kama wangevuka maji yale ili wawahi saa yake, leo tungekuwa tunaongea habari nyingine.

"Ni kweli, mama," akasema kwa upole. "Na kwa sababu hiyo nataka warudie. Asiyefaa simwambii arudie."

Nilirudi Nambis nikiwa nimeshindwa na nikiwa nimepata nafuu. Nilijiambia basi, yameisha, shule zitafunguliwa, atasahau. Hakusahau. Aliweka ratiba yake ukutani juu ya kitanda, na kila mvua ilipozidi kupungua yeye alizidi kuchangamka. Nilimuuliza mume wangu tufanyeje. Akanijibu, "Wewe uliyaona maji, mimi sikuyaona. Ukikataa, nitasimama na wewe." Nilitamani angeamua yeye.

Kisha dada akapiga simu na habari mpya. Gehandu walikuwa wanasema yule mzee amekataa, binti yake hatarudia safari. Ningefurahi, lakini binti yangu alisema kama mwenzake hatakwenda basi ataomba apangwe na mwingine yeyote. Nikafikiri: huyo mwingine yeyote, farasi wake akipata jiwe, atashuka? Au atamwacha mwanangu atembee mwenyewe? Ni yule msichana tu niliyemwamini. Kwa hiyo nikajikuta nateremka tena Gehandu, safari hii kwenda kwa yule mzee kumwomba amruhusu binti yake, na njia nzima sikujua kama nataka akubali au akatae.

Mke wake alinikaribisha ndani ya boma, akanipa maziwa mgando kwenye kibuyu. Mzee akaja akakaa. Tukasalimiana kwa urefu, tukamaliza mazao na mifugo yote. Nikamweleza kilichonileta.

Akanisikiliza hadi mwisho. "Mimi sijakataa," akasema. "Nilisema nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Nakusubiri wewe. Nilijua mama wa milimani, aliyekaa kwenye matope vile, lazima atamkataza mtoto wake. Ukishamkataza, nami nimwambie wangu kwamba mwenzako hayupo, basi. Siwezi kumwambia kwamba baba yake anaogopa."

Mke wake aliinama akajifunika mdomo kwa mkono.

"Mzee," nikamwambia, "mimi nilikuwa nakusubiri wewe."

Alinitazama, akaanza kucheka bila sauti, mabega tu yanatikisika. Nami nikacheka. Lakini tulipomaliza kucheka hofu ilikuwa bado imekaa pale katikati yetu, na tofauti ilikuwa hakuna tena wa kumsukumia. Binti yake alikuwa nje anakama. Alijua vizuri tunazungumza nini, maana alikuwa amekaa na yule ng'ombe mmoja muda mrefu kupita kiasi. Mzee akamtazama, kisha akaniambia, "Basi waende."

Nikasema, "Waende."

Siku ya safari ya pili sikuwapo. Tulikuwa na msiba Tumati, shangazi wa mume wangu, na msiba hauombewi ruhusa. Nilikaa na wanawake wenzangu tunachambua mchele, simu nimeiweka kifuani ndani ya gauni, nikiangalia anga ya kiangazi isiyo na wingu na kuona hatari zingine: vumbi, nyoka, shimo la mhanga. Watu waliniona nalengwalengwa na machozi, wakanifariji kwa ajili ya marehemu, nami nikaona haya.

Alasiri simu ikatetemeka. Nikaitoa, nikasikia sauti ya mwanamume mzee badala ya sauti ya binti yangu.

"Mama," akasema yule mzee. Kisha akakohoa. Nilikaribia kumpigia kelele. "Mama, wamefika. Wamefika mapema. Wanawaosha farasi, ndiyo maana hawajapiga. Nimeona nisiwasubiri."

Nikasema asante. Nikarudia asante. Mwanamke aliyekuwa karibu nami akauliza kuna nini, nikamwambia mtoto amefika salama. Akasema Mungu ni mwema, akaendelea kuchambua mchele.

Nishani walivishwa Jumapili iliyofuata, uani kwa daktari, baada ya ibada. Hapakuwa na sherehe kubwa, soda na hotuba fupi, na mwamuzi akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Binti yangu aliombwa aseme neno. Alisimama mbele ya watu wote, akaeleza jinsi ya kutambua farasi mwenye maumivu ya tumbo, kwa kirefu, mpaka daktari akamkatiza kwa upole.

Sasa amemaliza kidato cha nne na amechaguliwa chuo cha mifugo. Siku majibu yalipotoka nilimuuliza kwanza kama huko kuna farasi. Akasema hapana, mama, kuna ng'ombe, mbuzi na mbwa. Nikashusha pumzi, nikaweka chai mekoni. Tulipokuwa tunakunywa akaniambia kwamba mwaka wa pili wanafunzi hupelekwa vijijini kutibu mifugo, na kwa kuwa vijiji viko mbali, kila mmoja hufundishwa kwanza kuendesha pikipiki.